Kuanzisha Tamasha Kubwa la Muziki Mpya wa India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa hutoka kwa wapenzi wa muziki, wanafunzi wa uongozi wa sanaa na waandaaji wanaotaka kujua jinsi tamasha kubwa la nyimbo mpya linavyoweza kusimama India, nchi ambayo masikio ya wengi yamezoeshwa nyimbo za filamu. Mifano mingi imetolewa katika NH7 Weekender, lililoanza Pune mwezi Desemba 2010, lakini matamasha mengine yametajwa pale yanapofundisha jambo. Msimamo wa majibu haya ni mmoja: tamasha la aina hii lipo kwa ajili ya wimbo uliotungwa na yule anayeupiga, na kila uamuzi, uwe wa uwanja, wa mdhamini au wa ratiba, upimwe kwa kipimo hicho.

Muziki mpya wa India ni muziki gani hasa?

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, muziki wa India mara nyingi ni nyimbo za filamu, na hilo halishangazi. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na waimbaji wa taarabu wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa miongoni mwa mashuhuri zaidi, walitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi yaliyotoka kwenye filamu hizo. Ndani ya India kwenyewe mambo hayako mbali na hapo. Filamu ya kwanza yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba, na tangu wakati huo wimbo unaovuma nchini kote kwa kawaida ni ule ulioagizwa na mtayarishaji wa filamu, ukatungiwa sauti na mtu mmoja, ukaandikiwa maneno na mwingine, ukaimbwa na wa tatu, kisha ukaonekana mdomoni mwa mwigizaji ambaye hakuimba hata neno moja.

Muziki unaozungumziwa hapa hufuata njia tofauti. Ni wimbo ambao bendi au msanii ameutunga mwenyewe, kwa jambo analotaka kulisema mwenyewe, na anayesimama mbele ya watu kuuimba. Indian Ocean, bendi iliyoundwa Delhi mwaka 1990, ilichanganya gitaa, ngoma za tabla na nyimbo za watu wa kawaida kabla soko la muziki wa namna hiyo halijakuwapo. Raghu Dixit huimba Kikannada, Avial walipiga roki kwa Kimalayalam, Prateek Kuhad huandika kwa Kihindi na Kiingereza, na Bloodywood wa Delhi huweka ngoma ya dhol katikati ya magitaa mazito ya metali. Muziki huu hauna mtindo mmoja wala lugha moja, na mwandaaji anayeutafutia sura moja atawaacha nje wengi wa wanaouishi.

Muziki wa kale wa India, unaojengwa juu ya mahadhi ya jadi yaitwayo raga, una nyumba zake imara: Music Academy ya Chennai tangu 1928, Dover Lane ya Kolkata tangu 1952, na tamasha la Sawai Gandharva la Pune ambalo mwimbaji Bhimsen Joshi alilianzisha mwaka 1953. Hadhira yake inajulikana na inarudi kila mwaka. Watunzi wa leo ndio waliokosa nyumba ya ukubwa huo.

Je, India haina tayari matamasha ya kutosha?

Yapo mengi, lakini mengi yana kazi nyingine. Sunburn, lililoanza Goa mwaka 2007, ni la muziki wa elektroniki. Tamasha la Jodhpur katika ngome ya Mehrangarh, nalo la tangu 2007, limejengwa juu ya wanamuziki wa asili wa Rajasthan. Magnetic Fields, lililokulia Alsisar, Rajasthan, ni zuri lakini dogo kwa makusudi. Lollapalooza, lililoingia Mumbai Januari 2023 katika uwanja wa mbio za farasi wa Mahalaxmi, huwapa Wahindi nafasi, ingawa majina yanayouza tiketi zake kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo. Nafasi ya tamasha kubwa ambalo mtunzi wa nyumbani ndiye mwenyeji bado haijajaa.

Nani walitangulia, na walifanya nini sawasawa?

Mumbai ilikuwa na Independence Rock tangu mwaka 1986, tamasha ambalo vizazi vya bendi za roki viliota kupanda jukwaani kwake. Tatizo la zama hizo lilikuwa moja: bendi nyingi zilipiga kopi za nyimbo za Uingereza na Marekani, na hadhira ilizipima kwa jinsi zilivyokaribia kanda ya asili. Jarida la Rock Street Journal, ambalo Amit Saigal na mkewe Shena walilianzisha mwaka 1993 mjini Allahabad, lilifanya kazi ya subira ya kubadili hali hiyo kwa kuandika habari za bendi za nyumbani, kutoa kanda za mkusanyiko na kuanzisha mashindano na matamasha yaliyohimiza nyimbo za wapigaji wenyewe. Saigal alifariki Januari 2012, na ni vigumu kuona jinsi yote yaliyofuata yangewezekana bila kazi yake.

Kisha ikaja NH7 Weekender. Waandaaji wake, kampuni ya Only Much Louder ya Vijay Nair, hawakuanza na uwanja wala na fedha za mdhamini. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kusimamia bendi: kuzitafutia maonyesho, kuzipangia safari, kudai malipo yao. Walipofika Desemba 2010 na kufungua majukwaa kadhaa Pune, walijua ni bendi ipi ina nyimbo za saa nzima na ipi ina nyimbo tatu nzuri tu, ni ipi hujaza ukumbi Bangalore na ipi haijulikani nje ya chuo chake. Ujuzi huo haununuliwi. Mtu anayetaka kuanzisha tamasha kubwa bila kuwahi kuandaa maonyesho madogo ya bendi hizi kwa miaka michache atakuwa anakisia kila kitu, na makisio katika uwanja wa maelfu ya watu ni ghali mno.

Tamasha liwekwe mji gani?

Pune ilikuwa chaguo la busara, na sababu zake zinafaa kuchunguzwa. Ni mji wa vyuo vingi na wa kampuni za kompyuta, kwa hiyo umejaa vijana waliotoka majimbo tofauti, wanaoishi mbali na wazazi na walio tayari kusikiliza jambo geni. Uko umbali wa takriban kilomita 150 kutoka Mumbai, kiasi kwamba hadhira ya jiji hilo, waandishi wake na mafundi wake wa sauti wanaweza kufika kwa saa chache. Na wakati huo bado ulikuwa na viwanja vikubwa visivyo na bei ya Mumbai.

Kaskazini-mashariki nako kuna hoja yake yenye nguvu. Shillong, mji mkuu wa Meghalaya, umekuwa mji wa gitaa kwa zaidi ya nusu karne, na huko roki na bluzi ni muziki wa familia nzima, wazee kwa watoto. NH7 Weekender ilipofika huko mwaka 2015 ilikuta hadhira iliyokwisha kuiva. Delhi ina watu na fedha, lakini moshi na ukungu wa miezi ya baridi huharibu safari za ndege, na kanuni za kupunguza uchafuzi wa hewa zinaweza kuzuia jenereta za dizeli katika wiki ileile ambayo jukwaa linazihitaji. Anayechagua Delhi ahakikishe mapema kwamba umeme wa gridi unafika uwanjani.

Ni msimu upi unaofaa?

Masika ya kusi huinyeshea sehemu kubwa ya India kuanzia Juni hadi Septemba, kwa hiyo matamasha ya wazi hubanana kati ya Oktoba na Machi. Lakini Chennai na pwani ya Tamil Nadu hupata mvua zao kubwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na aliyepanga kalenda kwa kutazama Mumbai pekee anaweza kugharikishwa huko. Sikukuu ya Diwali, mitihani ya vyuo, uchaguzi na mechi kubwa za kriketi vyote vitazamwe kabla tarehe haijatangazwa. Uchaguzi hasa husahauliwa, ilhali polisi wote wa mji wanapopelekwa vituoni hakuna anayebaki wa kulinda tamasha.

Wasanii wachaguliwe vipi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na halifai kuachiwa mtu mmoja mwenye orodha ya marafiki. Katiba ya India inatambua lugha 22 katika jedwali lake la nane, na bado waandaaji wengi wa mijini husikiliza zaidi nyimbo za Kiingereza na Kihindi kwa sababu ndizo lugha za ofisini mwao. Tamasha linalodai kuwa la taifa lazima liwe na wasikilizaji wake wa kuaminika Kochi, Guwahati, Kolkata, Chennai, Ahmedabad na Srinagar, watu wanaohudhuria maonyesho madogo na wanaoweza kusema kwa nini bendi fulani ya Kiassam inastahili kusikilizwa na mtu asiyejua Kiassam. Idadi ya wafuasi katika mitandao isaidie, lakini isiamue. Msanii anaweza kuwa na mamilioni ya wasikilizaji wa simu na asiwe na nyimbo za kumtosha dakika 40 jukwaani.

Liko pia suala la tabaka ambazo Wahindi huzaliwa nazo, ambalo waandaaji wengi hulipita kimya. The Casteless Collective, kundi la Chennai lililoanza mwaka 2017 kwa msaada wa mwongozaji filamu Pa. Ranjith, liliunganisha gaana, yaani nyimbo za mitaa ya maskini, na rap na roki, na likaimba waziwazi juu ya ubaguzi. Kuanzia 2020, kituo cha Neelam cha Ranjith kikaandaa Margazhiyil Makkalisai, tamasha la muziki wa watu wa kawaida lililowekwa katika mwezi uleule ambao Chennai huupa muziki wa Karnatiki, muziki wa kale wa kusini mwa India, wa tabaka za juu. Hatua hiyo inastahili heshima kubwa. Ilionyesha kwamba wasanii walikuwapo siku zote, na kwamba ni mlango uliokuwa umefungwa. Tamasha jipya lenye nia njema lisiwaweke wasanii kama hawa saa nane mchana, jua likiwa kali na uwanja mtupu, kisha likajisifu kuwa limewapa nafasi.

Jukwaa la chipukizi liwepo, na liwe na mitambo ya sauti ya kiwango kilekile cha jukwaa kuu. Bendi inayosikika vibaya siku yake ya kwanza mbele ya umati hubeba sifa hiyo mbaya kwa miaka.

Je, lazima pawepo nyota kutoka nje?

NH7 Weekender iliwaalika wageni tangu mwanzo, na wengine kati yao, kama Mogwai mwaka 2015 na Steven Wilson mwaka 2016, walikuwa na wapenzi waaminifu India. Mgeni huvuta macho ya wadhamini, huleta mafundi wenye viwango vya juu na huwapa wanamuziki wa nyumbani nafasi ya kuona kazi kwa karibu. Faida hizo ni za kweli.

Hata hivyo, maonyesho ya bendi ya Uingereza ya Coldplay ya Januari 2025, yaliyofanyika Navi Mumbai na Ahmedabad, yalithibitisha kwamba Wahindi watalipa fedha nyingi na kusafiri mbali kwa ajili ya mgeni mmoja mkubwa, na mtu anayetaka kufanya biashara hiyo ameshajua pa kwenda. Tamasha la nyimbo za nyumbani likishindana kwa kanuni hizo litashindwa na litajipoteza. Wageni wawe wachache, wasile sehemu kubwa ya bajeti ya wasanii, na angalau usiku mmoja ufungwe na msanii wa India. Mpangilio wa ratiba husema kwa sauti kuliko tangazo lolote ni nani mwenye nyumba.

Mtunzi wa nyimbo za filamu akubaliwe?

Akubaliwe, ikiwa anakuja na kazi yake kama mtunzi na bendi yake jukwaani. A. R. Rahman alipopiga katika NH7 Weekender ya Pune mwaka 2015, wapo walionung'unika, lakini maelfu waliokuja kwa ajili yake walipita mbele ya majukwaa ya watu wasiowahi kuwasikia. Kinachopaswa kukataliwa ni mwimbaji anayeimba juu ya kanda iliyorekodiwa, kwa sababu hapo hakuna muziki unaopigwa.

Wanamuziki walipwe nini, na lini?

Kiasi hutofautiana mno kutoka kwa msanii mmoja hadi mwingine, lakini utaratibu haupaswi kutofautiana. Kila msanii, hata kijana wa onyesho lake la kwanza, alipwe fedha. Maneno ya kwamba atapata kujulikana yameumiza wanamuziki wa India kwa miongo mingi, na yanasemwa na watu ambao hawajawahi kumwambia mwenye jenereta jambo kama hilo. Sehemu kubwa ya malipo itangulie kabla ya safari, na iliyobaki ilipwe siku ya onyesho au ndani ya muda ulioandikwa.

Mkataba utaje muda wa kupiga, muda wa kujaribu mitambo, ala zitakazotolewa na tamasha na zile ambazo bendi italeta, nauli, malazi, chakula na usafiri wa mjini. Bendi ya watu sita inayotoka Imphal, kaskazini-mashariki, kwenda Pune na ngoma zake ina gharama tofauti kabisa na mwimbaji mmoja mwenye gitaa anayetoka Mumbai kwa gari, na nauli ya wa kwanza isikatwe katika malipo yake kana kwamba umbali ni kosa lake. Mkataba useme pia tamasha likiahirishwa kwa mvua, kwa agizo la polisi au kwa msiba wa kitaifa, nani anabeba hasara ya nani.

Kipengele cha kurekodi ndicho kinachosababisha ugomvi mwingi baadaye. Tamasha lina haki ya kutaka picha za kujitangaza, lakini wimbo ni wa mtunzi, na rekodi kamili ya onyesho isitumiwe kibiashara bila makubaliano ya pekee na malipo ya pekee.

Sheria ya hakimiliki inadai nini?

Sheria kuu ni ya mwaka 1957, na marekebisho yake ya 2012, ambayo mshairi Javed Akhtar aliyapigania akiwa mbunge, yalibadili maisha ya watunzi. Kabla ya hapo mtayarishaji alizoea kununua wimbo moja kwa moja na mtunzi akabaki bila chochote. Tangu marekebisho hayo, mtunzi wa sauti na mwandishi wa maneno wana haki ya mgawo sawa wa mirabaha kazi yao inapotumiwa nje ya jumba la sinema, na haki hiyo hawawezi kuisaini iende kwa mwingine isipokuwa warithi wao au chama cha kukusanya mirabaha.

Kwa mwandaaji, chama cha kujua kwanza ni IPRS, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kinachokusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, waandishi wa maneno na wachapishaji. Wengi hudhani kwamba bendi ikipiga nyimbo zake yenyewe hakuna leseni inayohitajika. Sivyo lazima iwe. Mtunzi aliyejiunga na IPRS amekikabidhi chama haki ya kutoza maonyesho, na leseni inayolipwa na tamasha ndiyo njia ya fedha kumrudia. Ili zimfikie, orodha ya nyimbo zilizopigwa lazima iandikwe na kukabidhiwa. Apewe mtu mmoja kwa kila jukwaa kazi ya kukusanya orodha hizo kila usiku, kabla bendi haijaondoka, kwa kuwa orodha isiyokusanywa usiku huo ni vigumu kupatikana tena. Muziki wa kanda unaochezwa kati ya bendi moja na nyingine ni haki nyingine, na wenye rekodi nao huombwa ruhusa.

Vibali ni vingapi, na kwa nini kila kitu hukoma saa nne usiku?

Hakuna dirisha moja la nchi nzima. Kila jimbo na kila mji una utaratibu wake, lakini mwandaaji atarajie kwenda polisi, polisi wa barabarani, zimamoto, manispaa, wakaguzi wa umeme, mamlaka inayothibitisha uimara wa jukwaa, na idara ya ushuru wa vileo ikiwa pombe itauzwa. Umri halali wa kunywa hubadilika kwa jimbo, na majimbo ya Gujarat na Bihar yamepiga marufuku pombe.

Saa nne usiku inatokana na kanuni za kelele za mwaka 2000, zinazokataza vipaza sauti vya nje kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Serikali ya jimbo inaweza kusogeza mwisho huo hadi saa sita usiku, lakini kwa siku zisizozidi 15 kwa mwaka, na matamasha ya dini huzitumia nyingi kati ya hizo. Zaidi ya hapo, mita 100 kuzunguka hospitali, shule na mahakama zinaweza kutangazwa kuwa eneo la ukimya. Rang Bhavan ya Mumbai, ukumbi wa wazi ulioilea Independence Rock, ulinyamazishwa kwa sababu uko karibu na hospitali na chuo. Kwa hiyo ramani ya uwanja ipimwe kwa mita kabla ya malipo ya awali, na ratiba ihesabiwe kurudi nyuma kutoka saa nne kasorobo. Bendi ya mwisho inayokatiwa umeme katikati ya wimbo wake bora imekosewa na mpangaji wa ratiba, wala wasilaumiwe polisi.

Fedha zitatoka wapi?

Tiketi peke yake hazitoshi katika miaka ya mwanzo. Kwa muda mrefu kampuni za pombe ndizo zilizobeba matamasha ya India, NH7 Weekender ikiwamo, iliyovaa jina la Bacardi, kwa sababu matangazo ya moja kwa moja ya vileo yamezuiwa na kampuni hizo zilitafuta njia nyingine ya kuonekana. Mlango huo umekuwa ukibanwa, na mwongozo wa serikali wa mwaka 2022 unakataza matangazo ya kuzunguka marufuku. Tumbaku imefungwa tangu sheria ya 2003. Michezo ya fedha ya mtandaoni, iliyokuwa na bajeti nono, imepigwa marufuku kwa sheria ya Agosti 2025. Anayejenga bajeti juu ya mdhamini mmoja wa aina hizo anajenga juu ya mchanga.

Kwenye tiketi, GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, haitozwi kwa kiingilio kisichozidi rupia 500 kwa mtu, na juu ya hapo hutozwa asilimia 18. Kwa hiyo tiketi ya siku moja ya wanafunzi, ikiwekwa kwenye rupia 500 au chini kidogo, huwafaa wao na haimwongezei mwandaaji mzigo wa kodi. Huo ni uamuzi unaostahili kufanywa hata kama wahasibu watasita, kwa sababu mwanafunzi wa leo ndiye mnunuzi wa tiketi ya siku tatu baada ya miaka michache.

Usalama wa watu unahitaji nini?

Tarehe 25 Novemba 2023, katika chuo kikuu cha CUSAT mjini Kochi, watu wanne walifariki katika mkanyagano kabla ya onyesho la muziki kuanza. Mvua ilianza, waliokuwa nje wakakimbilia ndani kupitia mlango mmoja wenye ngazi za kushuka. Kila mwandaaji aijue habari hiyo kwa undani. Milango iwe mingi na mipana, njia ya kuingia isiwe ndiyo ya kutokea, pasiwe na ngazi wala mteremko mkali karibu na lango, na mpango wa mvua uandikwe na ufanyiwe mazoezi. Idadi ya watu ihesabiwe langoni saa kwa saa, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha muziki bila kuomba ruhusa ya mdhamini wala ya meneja wa msanii.

Maji ya kunywa yawe bure. Kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, sheria ya 2013 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi awe na kamati ya malalamiko. Tamasha liende mbali zaidi kwa kuweka mahali panapoonekana ambapo mwanamke yeyote, awe msanii, fundi au mhudhuriaji, atapokewa na watu waliofunzwa.

Tamasha lianze na ukubwa gani?

Kubwa kwa hapa maana yake ni majukwaa kadhaa, siku mbili au tatu, na maelfu ya watu kwa siku. Ni vyema mwaka wa kwanza uwe wa mji mmoja. NH7 Weekender ilikaa Pune kwa miaka miwili kabla ya kufika Delhi na Bangalore mwaka 2012, ikaongeza Kolkata mwaka 2013, na baadaye ikarudi kuegemea Pune na Meghalaya. Kila mji mpya huhitaji vibali vipya, mafundi wapya na hadhira inayojengwa upya.

Wapo waliochagua kubaki wadogo. Bobby Hano na mpiga gitaa Anup Kutty walianzisha tamasha la Ziro mwaka 2012 katika bonde la Waapatani, Arunachal Pradesh, ambako majukwaa hujengwa kwa mianzi na mhudhuriaji kutoka majimbo mengine huhitaji kibali cha kuingia jimboni. Ziro huwaweka watunzi wa kaskazini-mashariki na wa nchi nzima mbele ya wasikilizaji makini, na tamasha kubwa lingefanya vizuri kutuma wachaguzi wake huko kila Septemba.

Kazi ianze lini?

Kwa tamasha la Desemba, uwanja na tarehe vifungwe kufikia Januari, na mazungumzo na wadhamini yaanze mwezi huohuo, maana kampuni nyingi za India hupanga bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Aprili. Wachaguzi wa wasanii wasafiri kuanzia Februari, wakati msimu wa maonyesho bado unaendelea, na mikataba ya wasanii wa nyumbani itiwe saini kufikia Juni. Maombi rasmi ya vibali yapelekwe mapema kadiri ofisi zitakavyoyapokea, ingawa barua ya mwisho ya polisi hutolewa mara nyingi siku chache kabla ya onyesho, na timu nzima iwe tayari kwa hilo. Orodha ya wasanii itangazwe kwa awamu kuanzia Agosti, watunzi wa India wakitangulia, na nyimbo zao zisambazwe pamoja na majina yao ili watu wafike uwanjani wakiwa wamezijua.